Mwasumini Uliovuka Kutoka Funzi

Kazi yangu ni bustani. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini katika hoteli moja ya Diani, na sioni haya kusema kwamba naijua. Bogenvilia zote zinazotambaa ukutani pale, kuanzia lango la magari mpaka penye ngazi za kushukia ufukweni, nilizipanda kwa mkono wangu, kijiti kimoja kimoja, na wageni husimama wakazipiga picha. Nikipita na toroli langu huwa najikohoza kidogo ili wajue mwenyewe ni nani. Mke wangu husema nina kiburi cha majani. Nami humjibu kwamba wengine wana kiburi na hawana hata majani.

Basi fikirieni fedheha iliyonipata mimi, mtu wa sifa hizo, nyumbani kwangu Bongwe, mbele ya mamangu mzazi.

Mama alikuwa akiishi kisiwani Funzi peke yake tangu baba alipofariki. Siku moja aliteleza jikoni akaanguka, akakaa chini tangu dhuha mpaka karibu na adhuhuri, asiweze kuinuka wala sauti yake isisikike nje. Jirani aliyekuja kuomba kaa la moto ndiye aliyemkuta. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini niliposikia habari hiyo nilivuka siku hiyohiyo na nguo zangu za kazi, nikamwambia, "Mama, utakuja kukaa na sisi. Safari hii sikuombi."

Akaniangalia. "Kwanza ulipoingia hukunipa shikamoo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siji."

Tukavutana siku mbili. Kila nililosema alikuwa na jibu, na mwisho wa majibu yote palikuwa na mwasumini. Mwasumini huo uko kando ya mlango wake, aliupanda mwaka aliofika pale akiwa bibi arusi, na sasa shina lake ni nene kuliko kifundo cha mkono wangu na mizizi imejisokota ndani ya mawe ya msingi. Kila jioni huchuma vitumba vya maua ambavyo bado havijafunguka, akavitunga kwenye uzi, akavilaza juu ya mto wake. Kuung'oa hakukuwezekana. Kuuacha hakutaka.

Siku ya tatu alinipa shauri, na alilitoa kama kadhi anayetoa hukumu. "Kata matawi, uyapeleke huko kwenu uyapande. Mti ukishika, na mimi nitashika. Ukikataa, utanirudisha kwangu, na usinitajie tena habari ya kuhama."

Nilicheka moyoni. Mama alikuwa ameniwekea mtihani wa kitu ninachokifanya nikiwa nimefumba macho! Nikakata matawi kumi, si machanga mno wala si makavu, kila moja chini kidogo ya kifundo cha jani, nikayafunga kwenye leso iliyoloweshwa maji. Mama akalipakata furushi hilo ndani ya boti mpaka tulipofika bara, na nilipotaka kumpokea alinipiga kikofi cha mkono.

Nyumbani niliyaandalia mambo. Nilipepeta mchanga wa mtoni, nikauchanganya na vumbi la makumbi ya nazi, nikachomeka matawi na kuyafunika kwa chupa za plastiki zilizokatwa matako, ili unyevu usitoroke. Wiki ya tano nilivuta tawi moja taratibu, likakataa kutoka. Nikalichokoa, na chini yake kulikuwa na mizizi myeupe, minene, mizuri ya kumwonyesha mtu. Nilimwita mama, nikamwita na mke wangu. Manane kati ya kumi yalikuwa na mizizi. Nilitamba siku hiyo mpaka chakula kikapoa.

Kila mche nikauhamishia kwenye kopo lake la mafuta ya kupikia, nililolitoboa chini kwa msumari. Humo nilitia udongo wetu mwekundu wa Bongwe na samadi ya mbuzi. Nikayapanga makopo nyuma ya nyumba, kwenye kisakafu cha saruji tunapotawadha, kwa sababu pale pana kivuli cha ukuta tangu asubuhi hadi alasiri. Mama alipafurahia sana. Alisema mti umepata jirani mwema.

Siku ya kumi jani la chini la mche mmoja likageuka manjano.

Sikujali. Mche ukihamishwa hununa kidogo, ndivyo ninavyowaambia watu kazini. Lakini kesho yake yakawa manne, na mwisho wa wiki miche yote minane ilikuwa na manjano kuanzia chini kupanda juu, na ikifika saa sita mchana inalegea, majani yameinamia pembeni ya kopo. Nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nililishuku jua, nikaweka gunia upande wa magharibi. Haikusaidia. Kisha nikayashuku maji yetu, maana kisima chetu kina chumvichumvi, nikawa nachota ya mvua kwenye pipa. Haikusaidia. Nikasema ni njaa hii, nikaongeza samadi, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu siku tatu baadaye miche miwili ilidondosha majani yote ikabaki vijiti.

Mke wangu alikuwa na mchawi wake. Kuna mgeni alikuja akaisifu miche ile mbele ya mlango bila kusema mashaallah. "Jicho hilo," akaniambia. "Nilimwona alivyoitazama."

"Jicho halianzii kwenye jani la chini," nikamjibu kwa ukali.

"Haya, bwana bustani. Kinyozi hajinyoi."

Neno hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Kazini sikumweleza mtu. Wangenicheka mpaka mshahara uishe, na mimi ndiye niliyewatesa wenzangu kwa maneno kila walipounguza mche. Mwisho nilimuuliza fundi wa bomba wa hoteli, mtu wa bara, mkarimu wa ushauri kwa kila jambo asilolijua, na hata yeye nilimwambia ni miche ya jirani.

"Msee, hizo ziko na kiu tu," akasema. "Zinaanguka saa sita? Weka maji mob, utaniambia."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikwenda nyumbani nikaweka hayo maji mengi.

Lililonisumbua zaidi ya yote ni mama. Kila asubuhi alikuwa akienda kwenye makopo, akiinama akiangalia, harudi na neno. Siku moja wakati wa chai alisema, kama anayezungumza na kikombe, "Mwenyewe amezoea kwao." Siku ya pili yake akamuuliza mke wangu siku hizi boti za Funzi huondoka saa ngapi. Mke wangu akaniambia. Papo hapo nilimwona mama akilini yuko chini jikoni kwake tena, na safari hii hakuna anayekuja kuomba kaa la moto. Na ndani ya hofu hiyo mlikuwa na hasira, sitaficha. Nilijiambia kwamba hataki kukaa na sisi, anatafuta sababu, na mti ndio umempa.

Ijumaa moja nilikuwa na mapumziko. Nimerudi kutoka msikitini, jua kali, nikaikuta miche sita iliyobaki imelala kama wagonjwa. Nikachukua jagi. Nikataka kulisogeza kopo la kwanza ndani zaidi kivulini, nikalishika ukingo kwa mkono mmoja kama ninavyoshika siku zote, na kopo halikuja. Lilikuwa zito kama limejazwa mawe. Nikaweka jagi chini.

Sasa naomba nieleze kitu. Kila mfanyakazi mpya anayeletwa kwangu hotelini, jambo la kwanza ninalomfundisha ni hili: kidole kwanza, maji baadaye. Ingiza kidole udongoni mpaka kwenye kifundo cha pili, ndipo uamue. Nimelisema neno hilo mara nyingi hivi kwamba wengine huliiga kwa sauti yangu nikiwa nimewapa mgongo. Na kwa makopo ya mamangu mwenyewe sikuwa nimetia kidole hata siku moja, kwa sababu mimi ni mjuzi, na mjuzi huangalia kwa jicho tu.

Nikatia kidole. Tope.

Nikalipindua kopo, bonge lote likatoka na harufu ya mtaro. Ile mizizi niliyoitambia ilikuwa ya kahawia, laini, na nilipouvuta mmoja ngozi yake ilibaki vidoleni mwangu ukabaki uzi mtupu. Mche ulikuwa umezama. Mzizi uliozama hauwezi kunywa, na mzizi usiokunywa huliacha jani likanyauka kama lenye kiu, na mwenye mti akiona kiu huongeza maji. Na yale matundu ya msumari? Makopo yalikuwa yamekaa bapa juu ya saruji iliyolowa siku zote, na udongo wetu mwekundu ulikuwa umeyaziba kama gundi.

Lakini mimi nilikuwa nikimwagilia mara moja tu, asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Na jagi moja la ziada tangu nilipopata ushauri wa fundi. Kopo haliwezi kuzama kwa hayo.

Nikamwendea mke wangu jikoni. "Wewe humwagilia ile miche?"

Akasita. "Mchana kidogo. Naiona imelegea, roho inaniuma."

Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Yetu yaliharibika. Hata hivyo hesabu haikutosha, na nilikuwa bado nimesimama pale mlangoni nikifikiri wakati adhana ya alasiri ilipoanza, na mama akatoka na kibao chake na kopo la kutawadhia.

Aliketi katikati ya miche. Sikuwahi kumwona akitawadha pale, kwa sababu saa hizo kwa kawaida niko kazini, na kwa sala nyingine natawadha msikitini. Akaosha viganja juu ya mche mmoja. Akasukutua juu ya mwingine. Aliponawa uso aliinama mbele ili matone yaangukie majani, na mikono aliinyoosha mmoja huku na mwingine kule, maji yakichuruzika kwenye viwiko na kuingia udongoni. Hakupoteza tone. Mara tano kwa siku, nikawaza, na dhuha yake haachi, na sunna zake zote! Mwisho alichukua maji yaliyobaki akayagawa kopo hadi kopo, taratibu, na midomo inatembea. Nilidhani ni dua ya baada ya udhu. Nikasogea.

"Ya Rabbi, upe mizizi mti huu," alikuwa akisema. "Upe mizizi, nami nikae na mwanangu."

Nilirudi jikoni nikakaa juu ya gunia la mkaa nikalia. Sina namna ya kulipamba hili. Mtu mzima na ndevu zangu, nililia kwa aibu ya yale niliyokuwa nimemdhania, na kwa furaha, kwa sababu mama hakuwa akitafuta boti. Alikuwa akiomba asiipande.

Mke wangu aliacha kukuna nazi akanitazama. Nikamweleza. "Sasa nitamwambia vipi?" nikamuuliza. "Nimwambie dua yake inaozesha mizizi?"

"Dua haiozeshi," akasema. "Maji ndiyo yanaozesha. Nenda kamwambie kabla ya magharibi, maana atatawadha tena."

Nilimngoja mama amalize kusali. Nikaketi kwenye ukingo wa mkeka wake, nikamwekea mbele ule mche nilioupindua, juu ya sahani ya bati, nikaanza kuzunguka. Nikasema habari ya udongo, habari ya saruji, habari ya matundu. Mama alinyoosha mkono akauchukua mzizi, akauminya, akaunusa.

"Umeoza kwa maji," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Maji yangu."

"Yetu sote. Mimi asubuhi, mkazamwanao mchana."

Akasema, polepole, kama anayekumbuka njia, "Kule kwangu nimeumwagia udhu tangu nilipoolewa. Kila udhu. Lakini ule mchanga, mwanangu, ukiumwagia pipa, ukigeuka umekauka. Huu udongo wenu sikujua kwamba haumezi." Na mimi papo hapo nikaona kwamba hakuwa amekosea hata kidogo. Alichokuwa akifanya ndicho kilichoukuza mti ule kwa miaka yote hiyo katika mchanga wa kisiwani. Mimi ndiye niliyeuchukua nikauweka ndani ya bati juu ya saruji, penye kutawadhiwa.

Nilikuwa naanza kumbembeleza, akanikata.

"Na wewe," akasema, macho yamemwaka, "mtu wa bustani, unayepigiwa picha na Wazungu! Wiki zote hizi hukutia hata kidole?"

Ndani kule mke wangu alicheka mpaka mbuzi ya kukunia nazi ikaanguka.

Jioni ile tulifanya kazi ambayo sitaisahau. Mama alikataa kukaa pembeni. Tuliipindua miche yote sita, tukaisuuza mizizi, naye akaikagua mmoja mmoja kwa vidole vyake: huu umeoza, kata, huu mzima, acha. Mmoja haukuwa na kitu kizima, tukautupa. Mitano tukaipunguza majani nusu, ili mizizi michache iliyobaki isibebeshwe mzigo, tukaipanda upya katika mchanga wa mtoni na vumbi la makumbi, samadi hata chembe hapana. Makopo niliyatoboa matundu makubwa ubavuni na chini, nikayapandisha juu ya matofali upande wa pili wa nyumba, mbali na maji. Mama akatoa amri: mwenye ruhusa ya kumwagilia ni yeye peke yake, na yeye mwenyewe ni kwa kidole. Udhu wake tukauwekea beseni, na beseni likawa la migomba, ambayo hata ukiipa bahari itakushukuru.

Mitatu ilivuka. Miwili ilikufa ndani ya wiki ile, na nilipoitoa nilimtazama mama usoni, lakini alikuwa anashughulika na kidole chake kwenye kopo la tatu. "Huu bado," akasema. "Kesho."

Majani ya manjano hayarudi kuwa ya kijani. Hilo nalijua, na nilimwambia asiyatazame, yataanguka na acha yaanguke, atazame ncha. Akawa anatazama ncha. Nikirudi kazini ananipa habari kabla sijavua viatu: leo saa sita haukulala. Leo umesimama mpaka alasiri. Na wiki ya tatu, nikiwa bado barabarani, nilimwona amesimama nje ya mlango, ameshika kiuno, na jinsi alivyosimama nikajua. Ncha mbili, kijani mbichi, ndogo kuliko punje ya mpunga, zimefunguka kama zinazopiga makofi. Na mche wa pili ulikuwa na moja. Nilizihesabu mara tatu. Bogenvilia zote za Diani nisingezibadilisha na punje zile tatu.

Hotelini kesho yake niliwaambia wote, pamoja na fundi wa bomba, kwamba miche ilikuwa yangu, kwamba niliizamisha, na kwamba aliyeiokoa ni mwanamke asiyejua kusoma lebo ya mbolea. Walicheka kama nilivyotarajia. Nilicheka nao, na sikujikohoza.

Mama mwenyewe hakuniambia kitu. Siku zikapita, ncha zikawa majani, majani yakawa matawi, naye kimya juu ya lile sharti lake, na mimi niliogopa kumkumbusha. Mpaka Jumapili moja nilipokuwa nimeinama nikifunga kamba ya kuutambazia mche mkubwa, nikamsikia sebuleni anazungumza kwa simu na yule jirani wa Funzi. Mama huzungumza kwa simu kana kwamba anataka sauti ivuke maji bila msaada wa mtambo.

"Eeh, salama. Wote hawajambo... Sikiza. Kitanda changu kile cha samadari, waite vijana wakifungue, wakipakie kwenye boti. Wakilete huku... Huku kwa mwanangu. Na godoro lake... Sirudi, mwenzangu. Nitakuja kukutembelea kama mgeni, unipikie."

Nikaiachia kamba. Na mimi, mwanamume, baba wa nyumba, msimamizi wa bustani nzima, nilitupa kichwa nyuma nikapiga kigelegele ambacho majirani bado wananiuliza kilikuwa cha arusi ya nani.

"Nani huyo?" mama akaita kutoka ndani.

"Ni mimi, mama."

"Basi nyamaza, nashindwa kumsikia mwenzangu. Na kesho omba ruhusa kazini, kitanda kile kizito."